Oveni Iliyokataa Kuzima

Nilikuwa nimeshaizima. Kioo chake kilikuwa kimerudi kuonyesha saa tu, ile alama ndogo ya moto imeondoka, na mkate wa mwisho wa usiku ule nimeshautoa na kuufunika kawa. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, watu wako msikitini, nami nikatoka nikaketi barazani kupunga upepo. Haikupita nusu saa nikasikia harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua. Nilikimbia jikoni. Kitambaa cha kushikia masinia nilikuwa nimekisahau ndani ya oveni, kimelala kwenye sakafu yake, na kingo zake zilikuwa zimeshageuka rangi. Niliponyoosha mkono kukitoa nikaurudisha mara moja: moto wa chini ulikuwa unawaka, na kioo mbele yangu kinasema oveni imezimwa.

Nikabonyeza kuwasha, nikabonyeza kuzima, nikabonyeza tena. Haikubadilika kitu. Kilichoukata ule moto ni swichi kubwa ya jiko iliyo ukutani.

Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaopika kwa biashara majumbani, maana oveni yangu ilikuwa imenipa ishara kwa mwezi mzima kabla ya usiku ule, nami nilizisikia kwa masikio yangu nisizielewe.

Mimi naoka mkate wa mayai. Naishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na wateja wangu wengi ni wa mitaa hii hii, wachache Majengo na Tudor. Mkate huu kwa upishi wa nyumbani kwetu hauna hamira. Kinachouinua ni pumzi iliyomo ndani ya mayai yaliyopigwa pamoja na sukari mpaka yakawa meupe na mazito, ndipo unga na iliki vikaingia kwa mkono mwepesi. Ukishauweka motoni, moto ukiyumba, mkate unakaa chini na haunyanyuki tena. Mama yangu aliupika kwa makaa: machache chini ya sufuria, mengi juu ya kifuniko, na yeye ameketi pembeni na koleo lake, anaongeza hapa, anapunguza pale. Oveni nayo inafanya kazi hiyo hiyo ya moto wa juu na wa chini, ila anayeketi pembeni na koleo ni bodi, kile kibao chenye vipande vya umeme ndani yake. Bodi ndiyo inayosoma joto kwenye sensa, kile kijiti cha kupimia joto, na kuamua moto upi uwake na upi uzimwe. Nilikuja kulifahamu hili baadaye sana, baada ya kumwaga mayai mengi.

Oveni yenyewe ni ya Ulaya, nilinunua ikiwa imeshatumika, na kwa miaka mitatu haikunisumbua. Mwezi wa Shaabani ikaanza mlio. Tk-tk-tk-tk, upesi upesi, kama mjusi nyuma ya kabati. Haukuwa mlio wa wakati wote. Nikiwasha moto wa juu peke yake, kimya. Nikiwasha wa juu na wa chini pamoja, mlio unaanza, na namba za saa zinafifia kama taa ya chemni inayokwisha mafuta. Siku nyingine mkate ulitoka umeiva juu na mbichi chini. Nilidhani ni unga, nikabadilisha unga. Nilidhani ni stima, kwa kuwa jioni za mwezi ule stima ilikuwa ikipotea na kurudi.

Hapo ndipo palikuwa pa kusimama. Kufifia kwa saa wakati ule ule mlio unapoanza kulikuwa ni habari kamili, na ingefaa nimweleze fundi hivyo hivyo. Badala yake nilimwambia tu, "Oveni inapiga kelele na haiivishi chini."

Fundi huyo wa kwanza alikuwa kijana mwenye adabu na mikono mizuri. Alifungua, akasikiliza, akasema rilei ya moto wa chini imechoka. Rilei ni ile swichi ndogo juu ya bodi, kisanduku cha plastiki chenye koili ndani, yaani waya uliozungushwa. Bodi ikiipa umeme mdogo, koili inavuta kipande cha chuma, na umeme mkubwa unapita kwenda kwenye elementi, kile chuma kinachotoa moto. Ule mlio wa tk ni kile chuma kinapogonga. Akaibadilisha, nikamlipa shilingi 2,000. Mlio ulipungua, haukwisha. Nami kwa kuwa mikate ilikuwa inaiva, niliridhika, nikapokea oda za Idi.

Siku ya tisa ndiyo ile ya kitambaa.

Fundi wa pili hakuifungua kabisa. Alisikia hadithi akasema bodi imekufa, mpya ni shilingi 22,000, kuagiza ni wiki tatu. Idi ilikuwa imebaki siku sita, na nilikuwa nimeshapokea arubuni za mikate thelathini na miwili. Sina haja ya kueleza nililalaje. Siku mbili zilizofuata niliweka makaa uani. Mama mkwe alikaa nami, akawa ananionyesha kuyapanga juu ya kifuniko yasirundikane katikati, na mkate uliiva, ila tulitoa mitano kwa siku na macho yetu yamekuwa mekundu kwa moshi.

Aliyeniokoa ni ami yangu, mdogo wake marehemu baba, aliyefanya kazi ya umeme melini miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimpigia kumwomba dua. Akaniuliza, "Hiyo saa yafifia wakati gani, mwanangu?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Usinunue kitu. Nakuja baada ya alasiri."

Alikuja na mkoba wa ngozi, ndani mna bisibisi, koleo, chuma cha kulehemia na risasi yake, na mita ya kupimia umeme. Kabla hajagusa skrubu, aliuliza breka ya jiko, swichi inayokata stima yake, ni ipi. Akaiangusha. Kisha akapima soketi ya friji, ambayo alijua ina stima, akaona mita inasoma 236; ndipo akapima nyaya za oveni, zikasoma sifuri. Nilimuuliza kwa nini amepima friji. "Mita iliyokufa nayo husoma sifuri," akasema. Tangu siku hiyo sijamwona fundi yeyote nyumbani kwangu akigusa waya bila mimi kumwomba afanye hivyo kwanza.

Nilidhani ataenda moja kwa moja kwenye bodi. Hakwenda. "Tuanze na wanaotumwa," alisema, "kisha ndiyo tumuulize anayetuma." Akachomoa nyaya za elementi ya chini na kuipima. Kwenye kibandiko cha nyuma imeandikwa wati 1,200 kwa volti 230. Akanifanyisha hesabu kwa kalamu kwenye karatasi ya oda: 230 mara 230, gawanya kwa 1,200, unapata ohmu 44, ndicho kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme. Mita ikasoma 45. Elementi nzima. Akapima tena kati ya elementi na mwili wa oveni, kuona kama kuna stima inayovuja kwenda kwenye bati. Mita haikusoma kitu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ya juu nayo ikawa nzima.

Ikafuata sensa, kile kijiti chembamba kinachochomoza ndani ya oveni. Ya kwangu ni ya waya wa platinamu, na tabia yake ni ya kuaminika sana: kwenye nyuzi 0 inatoa ohmu 1,000, na kila nyuzi moja inayopanda inaongeza karibu ohmu 4. Ziko nyingine zinazoanzia 500, kwa hiyo mtu asiseme sensa mbovu kwa sababu namba ni nusu ya aliyoisikia kwa jirani. Ilisoma 1,112. Jikoni kwangu alasiri ile ilikuwa nyuzi 29, na hesabu inakubali. Ami hakutosheka. Aliomba barafu niliyoiweka kwa ajili ya juisi ya ukwaju, akaiponda kwenye bilauri na maji kidogo, akazamisha ncha ya sensa bila kulowesha nyaya zake. Namba ikashuka polepole mpaka 1,001, ikatulia hapo. Nilifurahi kuiona ikishuka. Kwa miaka mitatu kile kijiti kilikuwa kikisema kweli humo ndani, nami nilikuwa nimeshamwambia mama mkwe huenda ndicho kilichoharibika.

Basi ikabaki bodi. Yule fundi wa pili alikuwa na haki kwa upande huo, na nataka niseme hivyo kwa uadilifu: kosa lilikuwa kwenye bodi. Lakini kuwa kosa liko kwenye bodi ni jambo moja, na bodi kufa ni jambo jingine.

Nilipiga picha ya kila waya kabla haujatoka, mbele na pembeni. Ami akachomoa bodi akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mimi niliona uchafu tu. Yule feni mdogo wa kupoza anavuta hewa ya jikoni na kuipitisha juu ya bodi, na hewa ya jikoni kwangu ina unga, mvuke wa mafuta, na chumvi ya bahari, maana kutoka dirishani kwangu mpaka majini si mbali. Vyote vitatu vilikuwa vimeganda pale kama ukoko, na kwenye ukingo mmoja shaba ilikuwa imeshaanza kuota kijani.

Alipima miguu miwili mikubwa ya rilei ya moto wa chini. Bodi iko mkononi, haina stima yoyote, na bado mita ikalia: njia imeungana, umeme ungepita. Akaigonga kisanduku chake kwa mpini wa bisibisi. Tk. Mita ikanyamaza. Chuma kilikuwa kimeungana na mwenzake kwa cheche, ndiyo maana bodi ilipoamrisha zima, hakuna kilichoachia.

"Hii ndiyo rilei mpya?" akauliza.

"Ndiyo, ami. Ilifanya kazi siku tisa tu."

"Rilei ya siku tisa haifi kwa uzee. Yuko aliyeiua, na bado yumo humu humu."

Maneno hayo nimeyabeba. Ningemwacha abadilishe rilei nyingine, tungepata siku tisa nyingine, na labda usiku wa kumi nisingekuwa barazani, ningekuwa nimelala.

Aliyeiua alikuwa kisanduku cha manjano, kidogo kuliko kiberiti, kisicho na kasoro yoyote ya kuonekana. Hakikuvimba, hakikupasuka, hakikuvuja. Ni kapasita, kipande kinachoweka umeme kidogo ndani yake. Ami alikilehemua, akaweka mita upande wa kapasita. Ubavuni kimeandikwa mikrofaradi 1, ndicho kipimo cha ukubwa wake. Mita ikasema 0.31.

Alinieleza kwa mfano wa maji, na nitajaribu kueleza alivyoeleza. Bodi hii haina transfoma ya kushusha umeme. Watengenezaji wa vyombo vingi vya nyumbani huikwepa kwa sababu ni nzito na ghali. Badala yake wanaweka kapasita kwenye njia ya stima, nayo inapitisha kiasi kidogo tu kulingana na ukubwa wake, kama tundu la mtungi. Kapasita ya mikrofaradi 1 kwa stima yetu ya volti 240 inapitisha karibu miliampia 70. Ikibaki 0.31, tundu limeziba, hazipiti hata 23. Sasa koili ya rilei moja ya volti 24 kwenye bodi hii inataka miliampia kama 17. Rilei moja inashikika, na saa inapata chakula chake kwa taabu. Ukiita ya pili, zinatakiwa 34 na hazipo. Volti zinaanguka, saa inafifia, rilei inaachia, ikiachia, volti zinapanda, inashika tena, ikishika, zinaanguka. Tk-tk-tk-tk. Na kila inaposhika na kuachia huku elementi ina ampia 5, kunaruka cheche katikati ya vyuma viwili, mpaka siku moja vinayeyuka na kushikana.

Nilikaa kimya nikiusikia tena ule mlio wa Shaabani kichwani. Moto wa juu peke yake, kimya. Wa juu na wa chini, kelele. Yote yalikuwa yamesemwa.

Kwa nini kapasita inapungua bila kuonekana? Ndani yake ni utando wa plastiki uliopakwa madini membamba mno. Stima inapopiga kwa nguvu, kama inaporudi baada ya kupotea, utando unatoboka mahali, na madini yanayozunguka lile tundu yanaungua na kuondoka. Hivyo inajiponya, haichomi bodi, lakini kila kupona kunakula kipande chake. Unyevu nao ukipenya unayala yale madini. Hapa pwani unyevu tunao mwaka mzima, iwe kaskazi iwe kusi, na stima kwetu inapotea na kurudi.

Ami alinikataza jambo moja kwa sauti nzito. Kwa kuwa bodi ya namna hii haina transfoma ya kuitenga, hata ule upande unaoitwa wa volti ndogo umeungana na stima ya ukutani. Mtu anayeona kioo na vibonye akadhani pale pana umeme wa betri, akagusa, anaweza kufa. Kwa hiyo vipimo vyote nilivyoeleza tulivipima bodi ikiwa imekatwa, na baada ya kuiacha dakika kadhaa kapasita zitoe umeme uliobaki ndani. Asiyekuwa na mazoea ya umeme asifungue kabisa. Achukue namba na ishara zake, ampe fundi.

Asubuhi nilikwenda Mwembe Tayari na vile vipande viwili ndani ya bahasha. Rilei nilipata duka la kwanza, koili ya volti 24, ampia 16, shilingi 300. Kapasita ikawa kazi. Duka moja walinipa ya 1 mikrofaradi, volti 400, wakasema ni ile ile na ina volti nyingi zaidi kuliko 275 iliyoandikwa kwenye ya kwangu. Niliipiga picha nikamtumia ami. Akanijibu niiache. Zile 400 ni za umeme wa moja kwa moja kama wa betri; stima ya nyumbani ya 240, ukiipima kileleni pa wimbi lake, inafika karibu 340, na haijarukaruka bado. Ya kwangu ilikuwa na alama X2, maana yake imetengenezwa na kupimwa kwa ajili ya kukaa kwenye njia ya stima na kuvumilia mapigo yake. Ikaandikwa X2 au isinunuliwe. Nilizunguka mpaka duka la tano, karibu na adhuhuri, nimefunga, jua limesimama kichwani. Mzee mmoja akatoa boksi chini ya meza, akachambua chambua, akanipa moja yenye alama 105. Nilikuwa nimeshafundishwa kuisoma: 10 na sifuri tano, pikofaradi 1,000,000, ndiyo mikrofaradi 1. Shilingi 100.

Ami alisafisha bodi kwa spiriti na mswaki wa meno mpaka ule ukoko ukatoka. Kwenye mguu mmoja wa rilei akanionyesha duara jembamba jeusi kuzunguka risasi, kama unywele. Ni ufa, unakuja kwa kupata moto na kupoa miaka mingi. Akaulehemu upya. Akaweka kapasita, akaweka rilei, akasafisha na mabawa ya feni yaliyojaa unga. Mimi nilirudisha nyaya kwa kufuata picha zangu, yeye akikagua mmoja mmoja.

Tulipandisha breka baada ya magharibi, tukiwa tumefuturu kwa tende na maji. Nikawasha moto wa juu na wa chini pamoja. Tk. Tk. Mbili, kisha kimya. Namba za saa hazikutikisika. Tuliiacha saa nzima ikiwa tupu, kipimajoto kimesimama ndani kwenye 170, kinapanda kidogo na kushuka kidogo kama kinavyostahili. Kisha nikaizima, ami akaangusha breka, akapima tena miguu ya rilei. Mita kimya, vyuma vimeachana. Akapima tena.

Sasa ninazima mara mbili: kwenye kibonye, kisha kwenye swichi ya ukutani, na sitoki jikoni kabla ya hiyo ya pili. Stima ikipotea, naiangusha ile swichi na kusubiri dakika chache baada ya kurudi kwake. Kila baada ya miezi mitatu namwita fundi afute vumbi la feni. Na kama mteja au jirani akinieleza kwamba oveni yake inalia tk-tk-tk, swali langu la kwanza ni lile la ami: saa yafifia wakati gani?

Mkesha wa Idi nilitia masinia manne kwa mpigo mmoja. Uani mama mkwe alikuwa bado ameyaacha makaa yake tayari kwenye jiko, hakuwa ameiamini oveni. Kwa dakika arobaini nilisimama pale pale, nimeweka sikio. Ami alikuwa barazani na kikombe cha kahawa. Joto lilipofika, bodi ikazima moto wa chini, na baada ya muda ikauwasha tena.

Tk.

Ami akanyoosha kidole kimoja juu, bila kugeuka.